Karl Ferdinand Braun

Karl Ferdinand Braun (Fulda, 6 Juni 1850 – Brooklyn, New York, 20 Aprili 1918) alikuwa mwanafizikia kutoka Ujerumani. Mwaka 1909 alipokea Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Guglielmo Marconi wa Italia, kwa mchango wao katika kukuza mawasiliano ya telegrafu bila waya.

Ingawa tuzo ilikuwa ya redio, mambo mawili mengine aliyoyafanya yanaonekana hadi leo katika karibu kila karakana ya fundi wa vifaa vya umeme. Mwaka 1874 aligundua kwamba umeme unaweza kupita katika mgusano wa waya na jiwe la madini kwa urahisi zaidi upande mmoja kuliko upande wa pili. Huo ndio mwanzo wa dayodi za nusukipitishi, ambazo hunyoosha mkondo geu ili uwe mkondo wa mwelekeo mmoja. Mwaka 1897 alitengeneza neli ya miale ya kathodi iliyowezesha watu kuona kwa macho umbo la wimbi la umeme, pamoja na viwimbi vinavyobaki baada ya mkondo kunyooshwa.

Maisha ya awali

Braun alizaliwa Fulda, mji ulioko leo katika jimbo la Hessen. Wakati huo Ujerumani haikuwa bado nchi moja, na Fulda ilikuwa sehemu ya dola dogo la Hessen-Kassel. Baba yake, Johann Conrad Braun, alikuwa mtumishi wa serikali. Kaka yake Wunibald aliingia katika biashara ya vyombo vya kupimia umeme, na jina la familia likabaki katika kampuni ya Hartmann & Braun ya Frankfurt.

Baada ya kumaliza shule mjini kwao alijiunga na Chuo Kikuu cha Marburg mwaka 1868, kisha akahamia Berlin. Huko alifanya kazi katika maabara ya Heinrich Gustav Magnus. Magnus alipofariki mwaka 1870, Braun aliendelea chini ya Georg Hermann Quincke, akapata udaktari mwaka 1872 kwa utafiti juu ya mitetemo ya nyuzi. Quincke alipohamia Würzburg, Braun alimfuata akiwa msaidizi wake.

Kazi ya msaidizi haikutosha kumhakikishia maisha, kwa hiyo Braun alifanya mtihani wa serikali wa ualimu. Mwaka 1874 akaanza kufundisha katika shule ya Thomasschule mjini Leipzig, ileile ambako Johann Sebastian Bach alifundisha muziki karne moja na nusu kabla yake. Ugunduzi wake wa kwanza mkubwa aliuchapisha akiwa mwalimu wa sekondari.

Ugunduzi wa mwaka 1874

Braun alikuwa akichunguza jinsi umeme unavyopita katika salfidi za metali, kama vile galena, ambayo ni salfidi ya risasi, na pirite, ambayo ni salfidi ya chuma. Kipande cha jiwe alikishika upande mmoja kwa mgusano mpana, na upande wa pili alikigandamiza kwa ncha ya waya mwembamba. Kisha alipitisha mkondo, akapima, akageuza nguzo za betri na kupima tena.

Kwa Kanuni ya Ohm, kugeuza mwelekeo hakupaswi kubadilisha chochote, kwani ukinzani wa kitu ni uleule mkondo ukitoka kulia au kushoto. Vipimo vya Braun vilionyesha vingine. Ukinzani ulitofautiana kulingana na mwelekeo, na tofauti hiyo ilifika hadi asilimia 30. Alitoa taarifa hiyo mwaka 1874 katika jarida la Annalen der Physik und Chemie, na mwaka 1876 akaionyesha hadharani mjini Leipzig.

Wengi hawakushawishika. Matokeo yalitegemea mahali waya ulipogusa jiwe, nguvu ya kugandamiza na usafi wa uso wa jiwe, hivyo mtu aliyejaribu kurudia jaribio angeweza kukosa kabisa alichokiona Braun. Isitoshe, hapakuwa na nadharia ya kulieleza. Elektroni yenyewe haikujulikana hadi mwaka 1897. Katika mwaka huohuo wa 1874 Arthur Schuster wa Uingereza aliona jambo kama hilo katika nyaya za shaba zenye kutu, lakini hilo halikutosha kuwaondolea watu shaka. Braun alirudi kwenye suala hilo mara kadhaa katika miaka iliyofuata akionyesha kwamba halikutokana na joto wala kemikali. Baadaye akaliacha, na kwa zaidi ya miaka 20 halikuwa na matumizi yoyote.

Mkondo ulionyooshwa na viwimbi vyake

Umuhimu wa tabia hiyo ya kupitisha umeme upande mmoja ulionekana pale umeme wa mkondo geu ulipoanza kusambazwa mijini. Mkondo geu hubadilisha mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Katika nchi kama Tanzania na Kenya hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde, yaani hertz 50. Transfoma huuongeza au kuupunguza kwa urahisi, na ndiyo maana unasafirishwa mbali kwa nguvu kubwa. Lakini betri haichajiwi kwa mkondo geu, na redio, simu na kompyuta hazifanyi kazi nao moja kwa moja. Lazima unyooshwe kwanza.

Kifaa chenye tabia aliyoiona Braun, kikikamilishwa, huwa dayodi: huruhusu mkondo upande mmoja na kuuzuia upande wa pili. Dayodi moja ikiwekwa katika njia ya mkondo geu hupitisha nusu ya kila mzunguko na kukata nusu nyingine. Kinachotoka ni vilima 50 kwa sekunde, na kati ya kilima na kilima pana pengo lisilo na umeme. Dayodi nne zikipangwa kwa mtindo wa daraja hufanya vizuri zaidi, kwa sababu nusu iliyokuwa ikikatwa hugeuzwa na kutumika pia. Hapo vilima huwa 100 kwa sekunde bila pengo kati yake. Mpangilio huo wa daraja ulibuniwa na Karol Pollak, mhandisi kutoka Poland, katikati ya miaka ya 1890, na mwaka 1897 ukaelezwa pia na Leo Graetz wa Ujerumani, ambaye jina lake ndilo lililodumu zaidi vitabuni. Pollak huyohuyo ndiye aliyebuni kapasita ya elektroliti, na si ajabu vitu hivyo viwili kutoka kwa mtu mmoja, kwani kimoja hakifai kitu bila kingine.

Vilima, hata vikiwa 100 kwa sekunde, si umeme tulivu. Volti hupanda hadi kilele na kushuka hadi sifuri. Kapasita huwekwa baada ya dayodi kama tangi la maji linalowekwa baada ya pampu inayosukuma kwa mapigo. Volti inapopanda, kapasita hujaa. Inapoanza kushuka, dayodi hufunga, na kifaa kinachotumia umeme hulishwa na kapasita peke yake mpaka kilima kinachofuata kifike. Katika muda huo volti ya kapasita hushuka kidogo kidogo, kisha hupandishwa tena. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakoitwa viwimbi vya volti.

Ukubwa wa viwimbi hukadiriwa kwa hesabu nyepesi: mkondo unaotumika huzidishwa kwa muda kati ya kilele na kilele, kisha hugawanywa kwa uwezo wa kapasita. Tuchukue transfoma ya volti 12. Namba hiyo ni wastani maalumu unaotumika kwa mkondo geu, lakini kilele cha wimbi lake ni karibu volti 17. Katika daraja, mkondo hupita dayodi mbili kwa wakati mmoja, kila moja ikichukua karibu volti 0.7, kwa hiyo kapasita hujazwa hadi volti 15.6 hivi. Kifaa kikitumia ampea 1, na muda kati ya vilele ukiwa sekunde 0.01, kapasita ya mikrofaradi 4,700 itaacha viwimbi vya takriban volti 2.1. Kwa dayodi moja badala ya nne, muda ni sekunde 0.02 na viwimbi huongezeka maradufu, vikapita volti 4. Hesabu hii huzidisha kidogo, kwa sababu kapasita huanza kujazwa tena kabla ya kilele chenyewe, lakini inatosha kuchagulia kapasita.

Kinachoponza watu wengi ni bonde kati ya vilele. Kidhibiti cha kawaida cha volti 12 huhitaji kupewa takriban volti 2 zaidi ya anazotoa, yaani 14. Katika mfano huu volti hupanda hadi 15.6 na kushuka hadi 13.5. Mita ya kawaida ya fundi, ikiwekwa kwenye mkondo mnyoofu, huonyesha wastani wa karibu volti 14.5, na kila kitu huonekana sawa. Kumbe mara 100 kwa sekunde kidhibiti kinakosa umeme wa kutosha, na spika inavuma. Kapasita ya mikrofaradi 10,000 hupunguza viwimbi hadi volti 1, bonde likawa 14.6, na mvumo huisha. Kuongeza kapasita bila kipimo nako kuna gharama yake: kadiri viwimbi vinavyopungua ndivyo muda wa kujaza unavyokuwa mfupi, na mkondo wote unaohitajika hupita kwenye dayodi na transfoma kwa mapigo mafupi makali yanayovipasha moto.

Mvumo wenyewe hueleza chanzo cha hitilafu. Kapasita ya elektroliti iliyokauka huacha mvumo wa hertz 100, kwa kuwa daraja bado linafanya kazi yake yote. Dayodi moja ya daraja ikikatika, nusu ya vilima hupotea, na mvumo hushuka hadi hertz 50, sauti nzito zaidi.

Braun mwenyewe hakuwahi kuunda kifaa cha kulisha redio kutoka kwenye umeme wa mji. Katika maabara za zama zake mkondo mnyoofu ulitoka kwenye betri au mashine. Mchango wake ulikuwa katika ncha mbili za jambo hili: mgusano unaonyoosha, na chombo kinachoonyesha kama umenyoosha vizuri.

Kuhama kutoka chuo hadi chuo

Mwaka 1877 Braun aliondoka Leipzig kwenda Marburg akiwa profesa wa fizikia ya nadharia. Mwaka 1880 alihamia Strasbourg, mji uliokuwa chini ya Ujerumani tangu vita vya mwaka 1870–1871. Kisha akafundisha Karlsruhe, na mwaka 1885 akaenda Tübingen, ambako alishughulika na kuanzisha taasisi mpya ya fizikia. Mwaka huohuo alimwoa Amelie Bühler, wakajaliwa watoto wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili.

Katika miaka hiyo alitengeneza elektromita inayobeba jina lake, chombo chenye sindano inayosogea kulingana na chaji ya umeme, ambacho bado huonyeshwa mashuleni. Pia alishughulikia thermodinamiki, na kanuni inayoeleza jinsi mfumo uliotulia unavyojibu unaposumbuliwa huitwa katika vitabu vingi kanuni ya Le Chatelier na Braun. Mwaka 1895 alirudi Strasbourg kuwa mkurugenzi wa taasisi ya fizikia, na huko akabaki.

Neli ya Braun

Mwanzoni mwa mwaka 1897 Braun alichapisha maelezo ya chombo kipya. Kilikuwa neli ya kioo iliyoondolewa hewa, ambayo aliiagiza kwa Franz Müller wa Bonn, fundi aliyerithi karakana ya Heinrich Geissler. Ndani yake miale ya kathodi ilibanwa na tundu dogo hadi ikawa mwali mwembamba, ikapiga kibao cha mika kilichopakwa unga unaong'aa. Palipopigwa palionekana nukta ya nuru. Nje ya neli aliweka koili. Mkondo ukipita kwenye koili, sumaku yake huvuta mwali, na nukta husogea.

Ubora wa chombo hicho ulikuwa wepesi wake. Sindano ya mita ina uzito, na haiwezi kufuata mkondo unaogeuka mara nyingi kwa sekunde. Huishia kutetemeka au kusimama kwenye wastani. Mwali wa neli hauna uzito wa kuhesabika. Mkondo geu ukipita kwenye koili, nukta hupanda na kushuka pamoja nao na kuchora mstari wa wima. Ili mstari huo ufunguke uwe wimbi, Braun aliutazama kupitia kioo kilichokuwa kikizunguka. Miongoni mwa mikondo ya kwanza aliyoitazama ulikuwamo wa kituo cha umeme cha mji wa Strasbourg. Mwaka 1899 msaidizi wake, Jonathan Zenneck, aliongeza njia ya kusogeza nukta kutoka upande hadi upande kwa mwendo sawa, hivyo kioo hakikuhitajika tena. Kwa nyongeza hiyo osiloskopu ilikuwa imezaliwa.

Braun hakuiombea neli yake hataza. Aliiona kama chombo cha maabara, akaeleza wazi jinsi ya kuitengeneza ili wengine waitumie. Uamuzi huo ulifungulia mlango kila aliyetaka kuiboresha, na baadaye neli hiyo ikawa kioo cha televisheni na cha rada. Yeye hakupata malipo yoyote kwa hayo.

Kwa habari ya viwimbi, osiloskopu ndiyo inayoonyesha kile mita inachoficha. Fundi huchagua hali inayozuia sehemu tulivu ya volti na kupitisha mabadiliko tu, kisha hukuza picha. Kapasita nzima huonyesha meno ya msumeno: mpando mkali, mteremko mrefu, mpando tena. Iliyochoka huonyesha mabonde ya kina. Kati ya jino na jino huhesabiwa milisekunde 10 kwa daraja zima, na 20 kwa daraja lililopoteza dayodi.

Kazi za redio

Mwaka 1898 Braun aliingia katika telegrafu bila waya. Miongoni mwa waliomvuta ni Ludwig Stollwerck, tajiri wa chokoleti wa Cologne, aliyetoa fedha za kuanzishia kampuni. Majaribio ya mwanzo yalihusu kupeleka ishara kupitia majini, lakini upesi Braun aligeukia mawimbi ya hewani.

Mitambo ya Marconi wakati huo ilikuwa na pengo la cheche ndani ya antena yenyewe. Ili kufika mbali, ilibidi kuongeza nguvu, lakini cheche kubwa zaidi ilikula nguvu nyingi zaidi, na mawimbi yalikufa upesi. Umbali ukawa na kikomo. Braun aliitoa cheche kwenye antena. Aliiweka katika sakiti yake yenyewe pamoja na kapasita kubwa za chupa, kisha akahamisha nguvu kwenda kwenye antena kwa koili mbili zilizokaribiana, kama transfoma. Mawimbi yalidumu zaidi, na mtambo uliweza kuwekwa kwenye masafa maalumu bila kutapanya. Hataza ya Ujerumani ya mfumo huo ilianzia Oktoba 1898. Mwaka 1900 watu wake waliwasiliana kati ya Cuxhaven na kisiwa cha Heligoland, umbali wa kilomita 62. Mitambo ya Marconi nayo ilikuja kutumia antena isiyo na cheche, na suala la nani alianza likawa chanzo cha kesi za miaka mingi.

Mwaka 1903 makundi mawili ya Ujerumani yaliyokuwa yakishindana, lile la Braun na Siemens & Halske, na lile la Adolf Slaby na Georg von Arco chini ya AEG, yaliunganishwa kuwa kampuni ya Telefunken. Mwaka 1905 Braun alionyesha mjini Strasbourg kwamba antena tatu zikilishwa kwa tofauti ndogo za wakati zinaweza kuelekeza mawimbi upande unaotakiwa.

Redio pia ilifufua ugunduzi wa mwaka 1874. Mawimbi ya redio hubadilika mwelekeo haraka mno hata kisikilizio hakiwezi kuyafuata, kwa hiyo lazima yanyooshwe kwanza. Braun alijaribu jiwe lake na kuona linafaa. Hakuwa peke yake: Jagadish Chandra Bose wa India aliomba hataza ya kigunduzi cha galena mwaka 1901, na mwaka 1906 Wamarekani Henry Dunwoody na Greenleaf Pickard walipata zao kwa mawe ya aina nyingine. Mpokeaji wa jiwe haukuhitaji betri, na ulikuwa rahisi kwa mtu wa kawaida kuutengeneza nyumbani.

Sakiti ya mpokeaji huo ni ndugu ya ile ya kulisha umeme: jiwe hunyoosha, kapasita hutuliza. Tofauti ni kiasi cha kutuliza. Katika redio kapasita huwa ndogo, ili imeze mawimbi ya kasi ya kituo lakini iache mabadiliko ya polepole, ambayo ndiyo sauti ya msemaji. Mpandoshuko ambao kwenye kifaa cha umeme hufukuzwa kama uchafu, kwenye redio ndio ujumbe wenyewe.

Tuzo ya Nobel

Mwaka 1909 Braun na Marconi waligawana Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Walikuwa wapinzani katika biashara na mahakamani, mmoja akiwa profesa wa miaka 59, mwingine mvumbuzi wa miaka 35 asiye na shahada ya chuo. Katika hotuba yake ya Desemba mjini Stockholm Braun alieleza mitetemo ya umeme na mfumo wake wa sakiti zilizounganishwa. Neli ya mwaka 1897, inayomfanya akumbukwe leo na watu wengi zaidi, haikuwa sababu ya tuzo hiyo.

Safari ya Marekani na kifo

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, Uingereza ilikata nyaya za Ujerumani zilizopita chini ya bahari, na vituo vya redio vikawa shabaha. Tarehe 8 Agosti manowari HMS Astraea ilipiga mizinga Dar es Salaam kwa sababu ya kituo cha redio cha Wajerumani kilichokuwapo. Kituo kikubwa cha Kamina nchini Togo kiliharibiwa na Wajerumani wenyewe mwezi huohuo kisije kikatekwa. Kwa mawasiliano ya moja kwa moja na Marekani, Ujerumani ilibaki ikitegemea sana kituo cha Sayville, karibu na New York, kilichojengwa na Telefunken.

Kampuni ya Marconi ilifungua kesi ya hataza dhidi ya wamiliki wa Sayville. Kama ingeshinda, kituo kingeweza kufungwa. Braun alitakiwa atoe ushahidi. Ingawa afya yake haikuwa nzuri, alisafiri mwishoni mwa mwaka 1914 pamoja na Zenneck, wakavuka bahari iliyolindwa na manowari za Waingereza. Mwaka 1915 Marconi naye alifika New York kwa ajili ya kesi hiyo, lakini Italia ilipoingia vitani Mei mwaka huo aliondoka kurudi kwao. Julai 1915 serikali ya Marekani iliweka kituo cha Sayville chini ya jeshi lake la majini.

Braun hakuweza kurudi. Safari ya bahari ilikuwa ya hatari, na Aprili 1917 Marekani yenyewe ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani. Zenneck alitiwa kizuizini. Braun aliachwa huru, akaishi Brooklyn na mwanawe. Alifariki huko tarehe 20 Aprili 1918, karibu miezi saba kabla ya vita kwisha. Vita vilipokwisha, Strasbourg ilirudi mikononi mwa Ufaransa, na maprofesa wa Kijerumani wakaondolewa chuoni. Majivu ya Braun yalipelekwa Fulda na kuzikwa huko.

Baada yake

Maelezo ya kwa nini mgusano wa metali na nusukipitishi hupitisha umeme upande mmoja yalipatikana zaidi ya miaka 60 baada ya jaribio la Braun. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Walter Schottky wa Ujerumani na Nevill Mott wa Uingereza walionyesha kwamba kwenye mgusano hujitokeza kizingiti ambacho elektroni hukivuka kwa urahisi kutoka upande mmoja tu. Dayodi zinazotumia mgusano wa namna hiyo huitwa dayodi za Schottky. Hupoteza volti chache kuliko dayodi za kawaida za silikoni, na hufungua na kufunga haraka sana.

Kwa sababu hiyo hutumika katika chaja nyingi za kisasa. Chaja ya simu hunyoosha umeme wa ukutani, kisha huukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde kabla ya kuupitisha kwenye transfoma ndogo na kuunyoosha tena. Vilele vikiwa karibukaribu kiasi hicho, kapasita ndogo hutosha kutuliza mkondo, na chaja nzima hukaa kwenye kiganja. Viwimbi havikwishi, ila huwa vya kasi zaidi, na kapasita mbovu yenye ukinzani mkubwa wa ndani huvikuza hata kama uwezo wake ukipimwa bado unaonekana mzima.

Kwa Kijerumani neli ya miale ya kathodi huitwa hadi leo neli ya Braun, na Wajapani nao huiita kwa jina lake. Katika televisheni nafasi yake imechukuliwa na skrini bapa tangu miaka ya 2000. Osiloskopu nyingi mpya pia hazina neli, ingawa za zamani zenye neli bado zinatumika katika maabara na karakana.